Mwongozo wa buku: linki zako zote ndani ya faili moja, kwa amri za terminali

"Ile linki uliyonitumia mwezi uliopita, unayo bado?" Unayo. Iko kwenye WhatsApp, katikati ya picha za harusi na tokeni za umeme. Au iko kwenye ile grupu uliyojiundia peke yako, ukawa unajitumia vitu "nitasoma baadaye". Au kivinjari chako kina vichupo 60 wazi na unaogopa kuzima kompyuta.

Kila wiki naulizwa njia ya kuondokana na hali hiyo, na kila mara nafundisha kitu kilekile. Nimeamua kukiandika mara moja. Tutatumia programu inayoitwa buku. Ni ya bure, chanzo chake kiko wazi chini ya leseni ya GPLv3, ilianzishwa na Arun Prakash Jana, na inaendeshwa kwa Python. Haihitaji akaunti wala barua pepe. Linki zako zote zinakaa ndani ya faili moja lililopo kwenye kompyuta yako.

Kuhusu jina: Dar ukisema buku mtu anadhani unamdai elfu moja. Mimi hunikumbusha panya buku, yule mwenye mashavu ya kubebea chakula hadi shimoni kwake. Tofauti ni kwamba yeye akilimbikiza anajua alipoweka.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta ya Linux au Mac. Windows pia inakubali, ila mifano yangu mingi ni ya Linux. Mwenye simu ya Android tu anaweza kutumia Termux, programu inayokupa terminali (dirisha la kuandikia amri) kwenye simu.
- Python 3. Kwenye Linux nyingi tayari ipo. Fungua terminali, andika `python3 --version` uone.
- Intaneti ya kusakinisha, na kidogo tena kila unapoongeza linki.
- Linki zako kumi za kweli, si za majaribio. Ukijifunza kwa linki usizozijali, kesho hutafungua tena programu hii.

Huhitaji kujua kuandika programu. Ukiweza kunakili na kubandika amri, inatosha.

Hatua ya 1: Sakinisha

Ubuntu, Debian na ndugu zao:

```
sudo apt install buku
```

Mac yenye Homebrew (kisakinishi cha programu kwa amri):

```
brew install buku
```

Termux kwenye simu:

```
pkg install python python-cryptography
pip install buku
```

Windows: sakinisha Python kwanza, kisha `pip install buku` (pip ni kisakinishi cha programu za Python).

Hakikisha imeingia:

```
buku --version
```

Ukiona namba ya toleo, songa mbele. Ukiona terminali haiijui amri hiyo, nenda kwenye "Ukikwama" huko chini, kisha urudi hapa.

Hatua ya 2: Ingiza linki ya kwanza

```
buku -a 'https://www.necta.go.tz' matokeo,mitihani
```

`-a` ni ya kuongeza. Inafuata anwani, kisha lebo, yaani maneno utakayoitafutia linki baadaye, zikitenganishwa kwa koma. Buku inakwenda kwenye ukurasa wenyewe, inachukua kichwa chake na kukihifadhi. Hapo ndipo bando lako linapoguswa. Kama huna intaneti kwa wakati huo, ongeza `--offline` na uandike kichwa mwenyewe:

```
buku -a 'https://www.heslb.go.tz' mkopo,chuo --title 'Bodi ya Mikopo' --offline
```

Ukitaka kujiandikia neno la kukumbuka kwa nini uliihifadhi, tumia `-c`:

```
buku -a 'https://www.brela.go.tz' biashara,usajili -c 'kusajili jina la duka la mama'
```

Nakushauri usiliruke hilo la `-c`. Baada ya miezi sita, "kusajili jina la duka la mama" litakusaidia kuliko kichwa chochote cha ukurasa.

ONYO LA KWANZA, na ndilo linalowaangusha wengi: funga anwani ndani ya alama za nukuu moja, kila mara. Tazama linki hii:

```
buku -a https://sw.wikipedia.org/w/index.php?title=Zanzibar&action=history historia,zanzibar
```

Inaonekana safi. Lakini alama ya `&` kwa terminali ina maana yake: "amri imeishia hapa, iendeshe kwa nyuma". Buku itapokea anwani iliyokatwa, inayoishia kwenye neno Zanzibar. Halafu terminali itakulalamikia kwamba haijui amri inayoitwa `historia,zanzibar`. Utadhani programu ni mbovu, kumbe ni zile alama mbili ndogo hukuziweka. Kwenye Mac, hata ile alama ya kuuliza pekee inatosha kukukwamisha, kwa sababu zsh, programu inayosoma amri zako humo, huisoma kama ombi la kutafuta jina la faili. Alama za nukuu, basi. Zifanye mazoea hata kwa anwani fupi isiyozihitaji.

Hatua ya 3: Amua lebo zako

Hapa ndipo pa kutulia. Amri zote nyingine utazisoma ukazishika kwa siku moja, lakini lebo mbaya utaishi nazo.

Kosa la kwanza ni la koma. Ukiandika `afya uzazi` bila koma, buku haioni lebo mbili. Inaona lebo moja yenye maneno mawili, "afya uzazi", na kesho ukitafuta lebo ya `uzazi` haiji. Andika `afya,uzazi`. Herufi kubwa usihangaike nazo, buku inazigeuza zote kuwa ndogo.

Kosa la pili ni kuchagua lebo kwa kuitazama linki. Lebo ichague kwa kujiuliza: siku nitakayoitafuta hii, neno gani litanijia kichwani? Kijana mmoja ninayemfundisha aliweka ukurasa wa bei za mahindi chini ya lebo `takwimu,uchumi,masoko`. Wiki mbili baadaye alikaa pembeni yangu akiandika `mahindi`, `bei`, `shamba`, na hapati kitu. Linki ilikuwepo. Aliyeiweka alikuwa msomi, na aliyekuja kuitafuta alikuwa mkulima, na wote wawili ni yeye.

Kosa la tatu ni umoja na wingi, na lugha mbili. Leo `kitabu`, kesho `vitabu`, keshokutwa `books`. Chagua moja. Mimi natumia umoja, kwa Kiswahili, isipokuwa jina la kitu lenyewe kama `python`. Kuona lebo ulizonazo:

```
buku -t
```

Itakuorodheshea zote. Ukikuta `kitabu` na `vitabu` zimegawana linki, ziunganishe kwa amri moja:

```
buku --replace vitabu kitabu
```

Lebo mbili hadi nne kwa kila linki zinatosha. Ukiweka kumi, kila utafutaji utakuletea nusu ya hazina yako.

Hatua ya 4: Tafuta

Njia fupi kuliko zote ni kuandika neno tu:

```
buku matokeo
```

Inatafuta kwenye anwani, kichwa, lebo na maelezo. Ukiandika maneno mawili, inaleta linki zenye lolote kati ya hayo. Ukitaka yote yawepo kwa pamoja, tumia S kubwa:

```
buku -S mkopo chuo
```

Kwa lebo peke yake:

```
buku -t mkopo, chuo
buku -t mkopo + chuo
buku -t mkopo + chuo - kenya
```

Ya kwanza inaleta lebo yoyote kati ya hizo mbili, ya pili zote mbili kwa pamoja, ya tatu zote mbili lakini zile za `kenya` zibaki nje. Acha nafasi kabla na baada ya `+` na `-`.

Jambo moja kwetu sisi wa Kiswahili. Buku kwa kawaida inatafuta neno zima. Lugha yetu inabadilisha neno kwa mbele na kwa nyuma: lima, kilimo, mkulima, wakulima. Ukitafuta `kulima` kwa kawaida, ukurasa wenye "wakulima" hutauona. Ongeza `--deep` ili iangalie hata ndani ya maneno:

```
buku -s kulima --deep
```

Hapo "mkulima" na "wakulima" wote wanatoka. Mimi `--deep` naitumia karibu kila siku.

Matokeo yanakuja hivi:

```
1. Baraza la Mitihani la Tanzania [15]
   > https://www.necta.go.tz
   # matokeo,mitihani
```

Tazama namba mbili. Ile 1 ya mwanzo ni nafasi ya linki katika matokeo haya tu. Ile 15 ndani ya mabano ndiyo namba yake ya kudumu kwenye faili. Chini ya matokeo buku inakusubiri uandike kitu. Andika `1` ukurasa ufunguke kwenye kivinjari, `n` kuona matokeo yanayofuata, `q` kutoka.

ONYO LA PILI: ukishatoka hapo, amri za kurekebisha na kufuta zinataka namba ya mabano. Mtu anatafuta, anaona linki anayotaka kuifuta iko ya 1, anaandika `buku -d 1`. Kinachofutwa ni linki yenye namba 1 kwenye faili, si ile aliyoikusudia.

Hatua ya 5: Tazama na rekebisha

Kuona linki tano za mwisho, kuona namba 15 peke yake, kisha kuifungua:

```
buku -p -5
buku -p 15
buku -o 15
```

Ukiandika `buku -o` bila namba, inakufungulia linki yoyote kwa bahati nasibu. Ni mchezo mzuri wa Jumapili, utashangaa ulichokuwa umekihifadhi.

Kubadilisha kichwa, kuongeza lebo na kutoa lebo:

```
buku -u 15 --title 'NECTA: matokeo yote'
buku -u 15 --tag + shule
buku -u 15 --tag - mitihani
```

Ukisahau ile `+`, lebo mpya inafuta zote za zamani na kukaa peke yake.

Kama amri hizi zinakuchosha, `buku -w 15` inakufungulia linki nzima ndani ya kihariri cha maandishi. Badilisha unachotaka, hifadhi, toka. Iambie kwanza kihariri unachokitumia, kwa mfano `export EDITOR=nano`.

Tahadhari ndogo: `buku -u 15` bila kitu kingine inakwenda mtandaoni kuchukua kichwa upya, na `buku -u` bila namba inafanya hivyo kwa linki zote. Vichwa ulivyoandika kwa mkono vitapotea. Kile unachokithamini kifunge mapema kwa `buku -u 15 --immutable 1`.

Hatua ya 6: Futa, kwa mkono mwepesi

```
buku -d 15
buku -d 4 9 12
```

ONYO LA TATU. Ukifuta namba 15, buku haiachi pengo. Inachukua linki ya mwisho kwenye faili na kuikalisha kwenye kiti cha 15. Kwa hiyo usiandike namba pembeni kwenye karatasi na kuzifuta moja moja, maana baada ya ile ya kwanza tu orodha yako inaweza kuwa imeshapitwa. Zifute zote kwa amri moja kama hapo juu, au tafuta upya kila baada ya kufuta.

Na hizi mbili zishike kichwani: `buku -d` bila namba ina maana ya kufuta kila kitu, na `-d` ikiwekwa pamoja na utafutaji inafuta matokeo yote ya utafutaji huo. Itakuuliza kwanza kama una uhakika. Soma swali kabla ya kubonyeza `y`. Vidole vina haraka kuliko macho.

Hatua ya 7: Leta linki zilizoko kwenye kivinjari

Nimeiweka hii chini makusudi. Wengi wanaanza nayo, wanamwaga linki 800 zisizo na lebo ndani ya programu wasiyoijua, kisha wanaikimbia. Ishi na zile kumi zako kwa wiki moja kwanza.

Ukiwa tayari, funga kivinjari kabisa, kisha:

```
buku --ai
```

Itakuuliza kivinjari kimoja kimoja, Firefox, Chrome na vingine inavyovifahamu, kama ichukue linki zake. Njia nyingine ni kutoa alamisho (bookmarks) za kivinjari kama faili la HTML na kuliingiza:

```
buku -i alamisho.html
```

Itauliza kama majina ya folda yawe lebo. Kama folda zako zina majina ya maana, kubali. Kama ni "Folda mpya (3)", kataa. Chrome ya simu haina sehemu ya kutoa faili hilo, kwa hiyo oanisha kwanza na Chrome ya kompyuta, utoe kutoka huko.

Baada ya kuingiza, tafuta zisizo na kichwa au lebo:

```
buku -S blank
```

Zipunguze kumi kwa siku ukinywa chai. Usijaribu kuzimaliza usiku mmoja.

Hatua ya 8: Nakala ya akiba

Kwenye Linux faili lako liko hapa:

```
~/.local/share/buku/bookmarks.db
```

Linakili kwenye flashi, kazi imekwisha. Niliwahi kupoteza linki za miaka mitatu kwa sababu fundi aliyesafisha kompyuta yangu aliniuliza "kuna kitu humu?" nikajibu picha tu. Picha alizitunza zote.

Toa pia nakala inayosomeka hata bila buku:

```
buku -e linki.html
buku -e linki.md
```

Ya HTML inaingia kwenye kivinjari chochote. Ya `.md` ni maandishi ya kawaida unayoweza kumtumia mtu. Kama una kompyuta mbili, toa `.db` kwenye moja na uiingize kwa `-i` kwenye nyingine, nazo zitaunganishwa.

Hatua ya 9: Kufuli, kwa anayehitaji

`buku -l` inalifungia faili kwa nenosiri, `buku -k` inalifungua. Likiwa limefungwa huwezi kutafuta wala kuongeza. Ukisahau nenosiri, hakuna wa kumpigia simu. Kama kompyuta ni yako peke yako, mimi nisingejisumbua.

Ukikwama

*Terminali haiijui amri ya buku.* Kama uliweka kwa pip, huenda imekaa kwenye `~/.local/bin` ambako terminali haitazami. Andika `export PATH="$HOME/.local/bin:$PATH"` na ujaribu tena. Ikikubali, weka mstari huo kwenye faili la `~/.bashrc`, au `~/.zshrc` kwa Mac.

*pip inakataa na kutaja `externally-managed-environment`.* Debian na Ubuntu za karibuni zinazuia pip isiguse Python ya mfumo. Usilazimishe. Tumia apt, au `pipx install buku`.

*Inasema anwani tayari ipo.* Ipo kweli. Itakutajia namba yake, nenda ukairekebishe kwa `-u` badala ya kuiongeza upya.

*Kichwa kimekuja kitupu au ni maneno ya ajabu.* Tovuti nyingine zinaweka mlinzi anayezuia programu zisizo vivinjari. Usishindane naye, andika kichwa mwenyewe kwa `--title`.

*Naona lebo ambazo sikuziandika.* Baadhi ya matoleo huchukua maneno muhimu yaliyofichwa ndani ya ukurasa na kuyafanya lebo. Ziondoe kwa `-u` na `--tag -`, au ongeza linki kwa `--offline`.

*`--ai` inalalamika kwamba hifadhidata imefungwa.* Kivinjari bado kiko wazi, labda kwa nyuma. Kizime kabisa.

*Linki inafunguka, ukurasa haupo tena.* Jaribu `buku --cached 15`. Itakupeleka kwenye nakala ya zamani iliyotunzwa na Wayback Machine ya Internet Archive, kama ipo. Ukiipata, hifadhi anwani ya nakala hiyo kwa `buku -u 15 --url`, ukiifunga ndani ya alama za nukuu.